Habari za Ragnhild Öhrn, Aliyelihamisha Faili la Kalenda

Enyi mliokaa vitini na mliosimama mlangoni, nanyi mnaojifanya mnapita tu, wekeni chini vikombe, zimeni redio, na mwambieni anayekohoa akohoe sasa amalize. Habari ninayowaletea si ya mfalme aliyeteka mji wala ya jemadari aliyevuka mto na farasi elfu. Hao wamekwisha kusimuliwa na watu waliolipwa kuwasimulia. Mimi nawaletea habari za Ragnhild Öhrn, mchonga meno ya bandia wa mji wa Gävle, binti wa mtunza taa za reli, mwanamke wa miaka hamsini na minne mwenye goti bovu na subira ndefu, ambaye katika mwezi wa Machi, theluji ikiwa imekwisha kugeuka tope, alilichukua faili moja kutoka mahali fulani akaliweka mahali pengine. Faili lenyewe lilikuwa dogo kuliko picha ya paka. Anayeona habari hii ni ndogo na anataka kuondoka, mlango uko pale pale, ila kesho asije kutuuliza iliishaje.

Nami namwomba Mola anipe pumzi ya kutosha, kwa kuwa jengo tunaloliingia lina milango arobaini na miwili, na kila mlango una maoni.

Jengo hilo liliitwa Göken. Lilikuwa la matofali ya manjano, ghorofa nne, na kaya zake zililimiliki kwa ushirika na kulitawala kwa kamati. Chini kabisa ya jengo palikuwa na chumba cha kufulia: mashine mbili, kabati la kukaushia, na meza ya kukunjia shuka. Mataifa mengine yana mahakama, yana mabunge, yana maaskofu. Göken ilikuwa na chumba cha kufulia. Humo ndimo heshima ya mtu ilimopimwa: je, alifuta sabuni aliyoimwaga, alitoa nyuzi kwenye chujio, aliondoka kabla dakika yake ya mwisho haijaisha? Aliyekosa hakugombezwa, maana watu wa huko hawagombezani. Aliandikiwa kikaratasi. Kikaratasi kilibandikwa mlangoni kwa mwandiko mzuri, kikaanza na "Hujambo jirani mpendwa", kikaisha na kichoro cha uso unaotabasamu, na hapo katikati kikamchuna mtu ngozi akiwa hai. Na juu ya sheria zote ilikuwapo moja, mama wa nyingine zote: asifue mtu bila zamu iliyoandikwa.

Zamani zamu ziliwekwa kwenye ubao wa matundu. Kila kaya ilikuwa na kufuli yake ndogo yenye namba, na aliyeitaka Jumanne asubuhi alikwenda akaichomeka kufuli kwenye tundu la Jumanne asubuhi, akatia ufunguo mfukoni, na hapo hata malaika asingeing'oa. Ubao ulitundikwa kwenye ngazi za nyuma, chini ya vidato kumi na moja vya saruji, mahali ambapo lifti haifiki, kwa sababu aliyeutundika alikuwa na miguu mizuri. Kwenye vidato hivyo alianguka Maj-Lis Fagerlund wa ghorofa ya kwanza, mjane, akavunjika nyonga. Alipona, ila vidato hakuvishuka tena. Tangu siku hiyo alichomekewa kufuli na Birger Stålnacke, mwenyekiti wa kamati, ofisa mstaafu wa forodha, mlinzi wa kanuni, mwenye majalada thelathini na moja rafuni yaliyopangwa kwa rangi. Birger aliifanya kazi hiyo kwa moyo safi, na kila wiki alimweleza Maj-Lis ni zamu ipi ambayo angefanya vizuri zaidi kuichagua.

Ragnhild aliyaona hayo akaumia. Akajiandikisha darasa la jioni la kutengeneza kurasa za mtandao, majira ya baridi mawili mazima, pamoja na wastaafu saba na kahawa mbaya, akatoka humo na ukurasa. Ukurasa ulikuwa na kalenda. Mtu alibofya siku, jina lake likakaa hapo, na wala hakunyanyuka kitini. Basi ubao ukateremshwa. Aliyeuteremsha ni Birger mwenyewe, na hakuutupa. Aliuzungushia blanketi, akauhifadhi stoo, na kwa miaka tisa, kila vuli, alizitia mafuta kufuli zake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kalenda ile Ragnhild hakuichora mwenyewe. Hakuna anayechora mwenyewe siku hizi. Yako mafungu ya msimbo wa JavaScript, lugha inayoziendesha kurasa za mtandao, yaliyokwisha kuandikwa na watu wema, huitwa maktaba, nayo hutolewa bure kwa yeyote ayatakaye. Hilo si aibu. Aibu ni kwamba maktaba ile hakuiweka kwake. Mwalimu wa jioni aliwaonyesha mstari mmoja wa kunakili, na maana ya mstari huo ilikuwa hivi: kila mtu akiufungua ukurasa wetu, nenda mbio mpaka kwenye seva, kompyuta ya fulani tusiyemjua, katika nchi tusiyoijua, umwombe kalenda, urudi nayo uichore. Wastaafu saba wakanakili. Ragnhild akanakili. Dunia nzima ilikuwa ikinakili. Ya nini mtu aweke chumvi jikoni kwake, ilhali yuko jirani wa jirani wa jirani, asiye na jina wala ahadi, ambaye mpaka leo hajawahi kusema hana? Wahenga walionya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawa hata cha ndugu hawakukitegemea, walitegemea cha mtu baki, na kwa miaka tisa walijiona wajanja.

Jumatatu ya wiki ya pili ya Machi, seva ile ikanyamaza. Pengine mwenyewe alichoka, pengine alioa, pengine alifariki. Hakulazimika kumwarifu mtu yeyote wa Gävle. Ukurasa wa Göken ulifunguka na kichwa chake kizuri, "Karibu kwenye chumba chetu cha kufulia", na chini ya kichwa hicho palikuwa peupe pee.

Atauliza mtu: basi, kuna nini? Mashine hazikuharibika. Umeme ulikuwapo, maji yalikuwapo, na mlango wa chumba ulifunguka kwa ufunguo wa kila mmoja. Ni kweli, vyote vilikuwapo. Lakini zamu hazikuonekana, na pasipo zamu hakuna kufua. Na hivyo kaya arobaini na mbili za watu wenye akili timamu, wakiwamo wahandisi wawili na hakimu, zikakaa na nguo chafu mbele ya mashine nzima. Maj-Lis alikumbuka barabara kwamba Jumanne saa moja asubuhi ilikuwa yake. Aliikumbuka lakini hakuiona, akageuka na kikapu chake akarudi ndani. Siku hiyo hiyo kikatokea kikaratasi cha kwanza mlangoni, Jumatano vikawa vitano, na Alhamisi mmoja wa wale wahandisi alionekana akienda kazini na fulana ya mashindano ya kuteleza kwenye theluji ya mwaka themanini na tisa. Kwenye lifti watu walianza kusimama mbalimbali kuliko kawaida, na kawaida yao si haba.

Birger aliposikia kwamba hakuna anayefua, alifanya ambalo mtu wa kanuni hulifanya: alimwita fundi wa mashine za kufulia. Fundi akaja, mtu wa mashambani mwenye nyumba ya peke yake na mashine ya peke yake, akafungua hiki, akagonga kile, akainuka akijifuta mikono.

"Mashine zenu hazina hata chembe ya ubovu," alisema. "Mmeniita nitazame nini?"

"Watu hawafui," alijibu Birger. "Zamu hazionekani."

"Kwani ndani yumo nani sasa hivi?"

"Hakuna mtu."

"Si ufue wewe, basi? Uko hapa, na hilo furushi naliona."

Birger alilitazama furushi lake kana kwamba lilikuwa la mtu mwingine. "Na ikiwa ni zamu ya mtu?"

"Ya nani?"

"Hatujui," alisema Birger kwa uchungu. "Hapo ndipo tulipokwama."

Fundi alikusanya zana zake taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, na akaenda zake. Naye Birger akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akabisha kwa Ragnhild, akasimama kizingitini na viatu vyake mkononi, akanena.

"Ragnhild, mimi si mtu wa lawama," alianza, naye alikuwa mtu wa lawama tangu shule. "Miaka tisa nimenyamaza. Juzi nikakuuliza, hiyo kalenda iko wapi, ukaniambia iko kwa mtu. Mtu gani? Hujui. Anakaa wapi? Hujui. Mlipatana nini? Hamkupatana kitu. Mimi nimekaa forodhani miaka thelathini na minane, na mzigo usio na mwenyewe hatukuuita maendeleo, tuliuita mzigo usio na mwenyewe. Jumapili saa tisa ni mkutano mkuu. Nitatoa hoja ubao urudi na huo ukurasa ufungwe moja kwa moja."

"Urudi wapi?"

"Pale pale. Skrubu zake bado zipo."

"Na Maj-Lis je?"

"Maj-Lis nitamchomekea mimi, kama zamani. Hilo lisikusumbue hata kidogo."

Akavaa viatu akashuka. Ragnhild alibaki ameshika kitasa, akimchukia Birger kwa moyo wake wote, na alimchukia zaidi kwa kuwa hakuna neno hata moja alilosema ambalo halikuwa kweli.

Alikwenda kwa Maj-Lis kumpa habari, akidhani atamkuta analia. Alimkuta anafua sidiria kwenye sinki ya jikoni, amekunja mikono ya sweta, hasira imempanda mpaka masikioni. Ragnhild akaeleza yote: seva, mtu baki, ubao, Jumapili saa tisa. Maj-Lis akamsikiliza mpaka mwisho, akaikamua sidiria.

"Birger si mtu mbaya, mwanangu," alisema. "Angekuwa mbaya ningemfukuza nikapumzika. Yeye ni mwema. Anakuja na kikombe chake cha kahawa, anakaa hapo ulipo, anakuuliza, Jumanne tena, Maj-Lis? Huoni Alhamisi ingekufaa zaidi? Mbona wiki hii mara mbili, ulipata wageni? Nguo zangu za ndani alizijua safari zake kuliko marehemu mume wangu. Nina miaka themanini na mmoja. Gari nimeliacha, kuteleza nimeacha, bustani nimempa dada yangu. Hili la kufua ninapotaka niachieni mwenyewe."

"Nitairudisha kalenda kabla ya Jumapili," alisema Ragnhild, akajisikia aibu papo hapo, kwa sababu alikuwa hajui ataanzia wapi.

Hapa ningependa kuwaambia kwamba shujaa wetu aliuchomoa upanga. Hakuuchomoa. Ijumaa, baada ya kazi, aliufungua mstari ule ule, akafuta anwani ya seva iliyokufa, na mahali pake akaandika anwani ya seva nyingine, ya mtu baki mwingine, ambaye naye hakumjua kwa sura wala kwa jina. Husemwa kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ragnhild aliumwa na nyoka, akaenda kutafuta nyoka mwenye rangi nzuri zaidi.

Na tazama, kalenda ikatokea. Göken ikalipuka kwa shangwe, yaani watu watatu walisema "vizuri" ndani ya lifti, na wa nne akatikisa kichwa kukubali. Jioni hiyo Ragnhild alilala usingizi wa washindi.

Lakini yule mtu baki wa pili alikuwa na toleo jipya la maktaba ile, na katika toleo jipya wiki ilianza Jumapili. Wiki ya watu wa Göken huanza Jumatatu. Sisi tunaoihesabu tangu Jumamosi tuna haki ya kuwacheka wote, lakini tucheke baadaye. Ukurasa wa Ragnhild uliyahifadhi majina kwa nafasi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, wala si kwa jina la siku. Basi wiki ilipoanza siku moja mapema, kila jina likasogea nyuma siku moja. Aliyekuwa wa Jumapili akajiona yuko Jumamosi, na wa Jumamosi akajiona amekwisha kupitwa.

Jumamosi ile ilikuwa ya Birger, naye alikuwa ameiandika pia kwenye kalenda ya ukutani kwake, kwa wino. Saa moja asubuhi alishuka na mashati meupe ya kuvaa mkutanoni. Wakati huo huo lifti ikafunguka akatoka Maj-Lis, mkongojo mkono mmoja, kikapu cha magurudumu mkono wa pili, maana ile Jumapili aliyoichukua kwa ajili ya mapazia yake aliiona kwa macho yake imeandikwa Jumamosi. Majeshi mawili yakakutana mlangoni pa chumba cha kufulia.

"Tafadhali, Maj-Lis, ingia wewe," alisema Birger.

"Sithubutu. Mashati ni ya mkutano, mapazia yatangoja."

"Jina lililoandikwa ni lako."

"Na wewe unaikumbuka zamu yako. Ingia, Birger."

"Siwezi kuingia kwenye zamu yenye jina la mtu."

"Wala mimi siwezi kuingia kwenye zamu ambayo mtu anaikumbuka."

Vita hivyo vilidumu robo saa, na wapiganaji wote wawili walipigana kwa adabu ya kutisha. Ndani ya chumba mashine zilikuwa mbili. Hakuna aliyezitaja. Mwishowe wakaagana, kila mmoja akarudi kwake na nguo zake chafu, na saa mbili asubuhi kikaratasi kikawa mlangoni pa Ragnhild: "Hujambo Ragnhild. Sasa hata wiki si yetu. Tuonane kesho saa tisa. Birger." Na chini yake uso unaotabasamu.

Siku nzima ya Jumamosi Ragnhild hakumfungulia mtu. Jumapili asubuhi alikaa mezani jikoni na kahawa na kipande cha mkate mkavu chenye jibini, akaanza kufanya jambo ambalo kwa miaka tisa hakulifanya yeye, wala mwalimu wa jioni, wala wale wastaafu saba. Alisoma maelezo. Walioiandika maktaba ile walikuwa wameandika pia ukurasa mmoja wa maneno, mfupi, wa lugha nyepesi, na ulisema hivi: lichukueni faili hili, mkaliweke kwenu, msitegemee seva ya mtu. Na matoleo yote ya zamani, tangu la kwanza, walikuwa wameyahifadhi mahali pa wazi, kila moja na namba yake, achukue anayetaka. Ruhusa ilikuwapo miaka yote tisa. Ilikuwa imekaa pale inamsubiri mtu wa kuisoma.

Ragnhild alisema neno ambalo mwandishi wa habari hizi hatalirudia. Kisha akalitafuta toleo la tatu, lile lile la zamani ambalo wiki yake huanza Jumatatu, akalipakua. Likaja. Likakaa kwenye kompyuta yake kimya kama kuku kwenye kiota.

Palibaki lango moja. Maandishi ya ukurasa aliweza kuyabadilisha kwa neno lake la siri, lakini kuingiza faili jipya mahali ukurasa unapokaa kulihitaji neno la siri la kamati, na neno la siri la kamati liliandikwa kwenye karatasi, ndani ya jalada la kijani, kwenye rafu ya Birger Stålnacke. Saa saba mchana Ragnhild akateremka, goti likimlia, akabonyeza kengele ya adui.

Birger alifungua akiwa na fulana ya ndani. Nyuma yake shati jeupe lililovaliwa juzi lilikuwa limetandazwa kwenye meza ya pasi.

"Nimekuja kuazima jalada la kijani," alisema Ragnhild.

"Zimebaki saa mbili."

"Najua."

"Unataka kulifanyia nini?"

"Nataka kuileta kalenda nyumbani. Ikae kwetu, kwenye nafasi yetu, isitoke."

Haki na itendeke hata kwa upande ulioshindwa: mtu mwenye kinyongo angesema jalada halionekani, au njoo baada ya mkutano. Birger alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ya ishirini na mbili ilisema mwanachama yeyote anaweza kuona jalada lolote wakati wowote wa mchana. Akaenda rafuni, akalitoa, akaandika kwenye daftari jina la mwazimaji na saa ya kuazima, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Lirudi kabla ya saa tisa," alisema. "Na karatasi zisipindwe."

Nilikuwa nimewaandalia hapa vita vikubwa. Nilikuwa na ngoma, nilikuwa na vumbi, nilikuwa na farasi wawili wa kufa. Lakini mimi ni mwandishi mkweli: Ragnhild aliandika neno la siri, lango likafunguka, akalisukuma faili, na faili likapanda kwa muda mfupi kuliko chafya. Kisha akaufungua ule mstari wa kale, akalifuta jina refu la seva ya watu baki, akaandika jina fupi la kabati lililo pembeni ya ukurasa wenyewe. Ukawa mstari mfupi mno, kama mtu aliyeacha kujieleza. Akafungua orodha inayoonyesha ukurasa unawaita akina nani kila unapofunguka. Siku zote palikuwa na majina mawili. Sasa lilikuwapo moja, Göken, na halikufuatwa na jingine. Na kalenda ikaja, Jumatatu ikiwa mbele, kila jina siku yake. Miaka tisa ya kuombaomba iliisha kwa dakika kumi na moja, na dakika saba kati ya hizo Ragnhild alikuwa akijaribu kuusoma mwandiko wa Birger.

Alitokwa na machozi kidogo, akasingizia mvuke wa kahawa, ingawa alikuwa peke yake. Akalirudisha jalada, karatasi zikiwa hazijapindwa.

Saa tisa wakakutanika kwenye chumba cha mikutano, watu thelathini na watatu, na harufu yao. Palikuwa na kahawa na maandazi ya mdalasini, ambayo ndiyo sababu ya kweli ya mikutano yote mikuu ya nchi ile. Wakachagua wa kuuendesha mkutano, wakachagua karani, wakachagua wawili wa kuhakiki atakayoyaandika karani, wakakubaliana kwamba wameitwa ipasavyo. Kabla ya ajenda ya tatu Ragnhild aliinua mkono, akasema maneno machache tu: kalenda imerudi, safari hii iko kwetu wenyewe. Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, wala yeye hakutarajia.

Ajenda ya kumi na nne Birger akasimama na lile shati lake. Alinena kwa muda mrefu na alinena vizuri. Alisema juu ya ubao ambao haukuwahi kuzimika hata siku moja, juu ya kufuli ambazo mtu huzishika kwa mkono wake, juu ya watoto wanaokua bila kujua uzito wa ufunguo. Kisha akamgeukia Ragnhild.

"Na huyo mtu baki wako akifunga tena duka, tutafanyaje?"

"Hakuna mtu baki tena," alijibu Ragnhild. "Dunia nzima ikizima seva zake leo, sisi kesho tutafua."

"Hayo tutayaona," alisema Birger, akawageukia wanachama awasikie.

Hakusikia kitu. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Birger alidhani wanatafakari, na akaongeza sehemu ya pili ya hotuba yake, yenye historia ya forodha. Lakini Ragnhild alikuwa na simu mapajani, kalenda iko wazi, na aliyaona yaliyokuwa yakitendeka chini ya meza. Majina yalikuwa yanatokea. Wikander, Jumanne saa nne. Hakimu, Jumanne saa saba. Wahandisi wote wawili, Alhamisi, mmoja akimkimbiza mwenzake. Kila Birger alipoutaja ubao, nafasi mbili zilijaa. Na kabla ya wote, juu kabisa, Jumatatu saa moja asubuhi, lilikuwapo jina lililoingia mapema sana, wakati watu bado wanachagua wahakiki: Fagerlund.

Birger akamaliza, akaketi, akangoja mjadala. Hapakuwa na mjadala. Akamtazama jirani wa kushoto, akamtazama wa kulia, akavaa miwani, akaitoa simu yake polepole. Ragnhild aliiona nafasi ya Jumatano saa moja ikiwa tupu, kisha akaiona imeandikwa Stålnacke. Alizima simu yake, akaiweka mfukoni, wala hakumwambia mtu, si siku ile wala baadaye.

"Naiondoa hoja," alisema Birger akisimama. "Ubao ubaki stoo. Kwa sasa."

Hayo yote yameandikwa. Karani aliyaandika, wahakiki wawili wakayahakiki na kutia sahihi, na yamo kwenye jalada la bluu kwa yeyote anayebisha: "Ajenda ya kumi na nne. Hoja imeondolewa. Mkutano unamshukuru Ragnhild Öhrn kwa kulihamisha faili." Mataifa yamejengewa minara kwa maneno machache kuliko hayo. Wanafunzi wa vizazi vijavyo na watahiniwe juu ya tarehe hiyo, waulizwe mwaka na saa, na atakayekosea akose zamu ya mwezi mzima. Waimbwe walioshika mikuki, sawa, lakini ni wangapi kati yao walioyasoma maelezo?

Jumatatu, robo saa kabla ya saa moja, Ragnhild alikuwa anatoka kwenda kazini alipomkuta Maj-Lis mbele ya lifti ya ghorofa ya kwanza, kikapu kimejaa mpaka juu, mapazia yakining'inia pembeni. Akauliza kama amsaidie. Maj-Lis akasema abonyeze tu kitufe, mikono yake yote miwili ina kazi.

"Nimechukua Jumatatu," alisema alipokuwa akiingia. "Na Ijumaa pia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini."

Mlango ukajifunga, lifti ikashuka naye. Ragnhild alisimama pale pale na begi lake begani mpaka aliposikia, chini kabisa, maji yakianza kuingia kwenye mashine. Basi lake lilipita, na hakulikimbilia.